Gegedu Lisilorudi

Njia ya kutafuta namna ya kuliotesha upya gegedu inaanzia London, mwaka 1743. William Hunter, Mskoti wa miaka 25, aliwasilisha mbele ya Royal Society, jumuiya ya wanasayansi, uchunguzi wake wa gegedu, ile tabaka nyeupe yenye utelezi inayofunika ncha za mifupa. Alieleza mishipa ya damu inayolizunguka ukingoni, akasema kuwa likishaharibika halirudi. Wazee ambao magoti huwalia wakipanda ngazi hawana haja ya kumsoma ili wamwamini.

Kisha njia inapotea zaidi ya miaka mia, na kuibukia pwani ya Uskoti. Miaka ya 1880 mkemia E. C. C. Stanford, aliyekuwa akitafuta aidini katika mwani wa kahawia, alipata humo ute mzito, akauita algini. Mwaka 1934, New York, Karl Meyer na John Palmer walitoa asidi ya haialuroniki katika jicho la ng'ombe. Nani angefikiria goti wakati huo?

Mwaka 1982 ndio ninaouthamini zaidi. Seli za gegedu zikikuzwa juu ya sahani bapa hujitandaza na kuacha kazi yake. Huanza kutengeneza kolajeni, protini ya kujengea mwili, ya aina ile iliyomo katika ngozi na makovu. Paul Benya na Joy Shaffer walichukua seli za sungura zilizokwisha kupotoka hivyo, wakazitia ndani ya jeli ya agarosi, itokanayo na mwani mwekundu. Zikarudia uduara wake, na kolajeni ya gegedu ikaonekana tena. Hazikupewa dawa yoyote. Zilipewa tu mahali pa kukaa zisijitandaze.

Mwaka 1994, Gothenburg, Mats Brittberg na wenzake walitangaza kuwapandikizia wagonjwa 23 seli zao wenyewe za gegedu. Seli zilidungwa zikiwa katika majimaji, chini ya utando ulioshonwa juu ya kidonda. Majimaji huvuja, na hiyo ni sababu mojawapo iliyowafanya watafiti wageukie jeli: za alginati itokanayo na ile algini ya Stanford, za kolajeni, na za ile asidi ya haialuroniki ya Meyer na Palmer. Hata karajinani, inayopatikana katika mwani wanaoulima akina mama wa Zanzibar, imejaribiwa maabarani.

Kikwazo kikubwa ni uzito. Jeli laini seli huipenda, lakini goti huiponda. Ikikazwa sana, seli hubanwa. Ndiyo maana hadi leo goti lililochakaa kabisa huwekewa chuma na plastiki.