Umegukaji, si Unururifu

"Mionzi iliyomo kwenye mashapo ya mto" ni kauli isiyosimama. Mionzi haimo, hutoka. Kilichomo kwenye tope la delta ya Rufiji, kama kwenye udongo wowote duniani, ni urani, thoriamu na potasiamu-40.

Kamati zetu za istilahi zilipolikwepa kosa hilo zikatupatia "unururifu". Nuru ni neno la Kiarabu, zuri kwenye dua na majina ya watoto. Tope la mikoko pale Nyamisati ni jeusi na linanuka. Nuru yake sijaiona. Watetezi wa neno hilo hukimbilia kwa akina Curie, waliobuni jina la Kifaransa, radioactivité, mwaka 1898 kutokana na Kilatini radius, yaani mwale. Sawa, lakini kiini cha atomu kilikuja kugunduliwa mwaka 1911. Wao waliita walichokiona. Sisi tunajua kinachotendeka ndani, na bado tunaiga kutojua kwao, tena kwa hiari.

Mimi nasema umegukaji. Mega ni kitenzi chetu: tonge humegwa, ukingo wa mto humeguka. Anayelima kando ya Rufiji hajui bonge lipi litafuata kuanguka, ila msimu ukiisha anakadiria vizuri tu ardhi iliyokwenda. Viini vya atomu ni hivyohivyo: kimoja hakitabiriki, vikiwa vingi vina hesabu. Mmeguko mmoja kwa sekunde ni bekereli moja. Hebu nipeni kitenzi cha unururifu kinachoweza kazi hiyo: kiini "kimenururika"? Pendekezo langu nililipeleka kunakohusika, likanirudia na alama ya kuuliza pembeni. Kwa penseli.

Matumizi ni mepesi. Tope hukaushwa, huchekechwa, hufungiwa kama mwezi mmoja ili radoni na vizazi vyake vilingane na radiamu, kisha huandikwa: "umegukaji wa potasiamu-40, bekereli kadhaa kwa kilo". Wastani wa udongo duniani ni kama 400. Maji hupimwa kwa lita.

Urani ya Mto Mkuju, kule Namtumbo, imo katika bonde hilihili, na maji ya huko huishia Rufiji. Iko siku mkulima wa mpunga wa Kibiti atasomewa vipimo vya tope lake. Waandaaji wa ripoti hiyo waandike umegukaji, na mionzi wawaachie watu wa eksirei.