Jua Lililoanguka Biharwe

Msafiri atokaye Masaka kwenda Mbarara, akiwa amebakiza kilomita zipatazo 12 kabla ya kuingia mjini, hupita karibu na kilima kiitwacho Biharwe. Wengi hupita bila kugeuza shingo. Lakini kwa wazee wa Ankole mahali hapo ni ukurasa mzima wa historia, kwani husemwa kuwa hapo ndipo jua lilipoanguka. Sisi Waswahili husema jua limepatwa, yaani limeshikwa. Wao husema lilianguka. Mwalimu wa lugha atatambua kuwa tofauti hiyo ya kitenzi si ndogo: kila jamii huchagua neno lake la kuielezea hofu.

Masimulizi yenyewe ni haya. Katika zama za Omugabe Ntare wa Kwanza, aliyeitwa Nyabugarobwera, dola ya Nkore ilikuwa changa na dhaifu. Olimi wa Kwanza, mfalme wa Bunyoro-Kitara wa nasaba ya Babito, aliivamia, akateka ng'ombe, kisha akasonga mbele hadi Rwanda. Aliporudi na jeshi lake na mifugo yake, walipofika Biharwe, mchana uligeuka usiku. Askari wakaingiwa na hofu, wakakimbilia kwao, wakawaacha ng'ombe nyikani. Watu wa Nkore wakawatwaa. Yafaa tukumbuke kwamba kwa mfugaji wa huko ng'ombe ni maziwa, ni mahari, ni heshima ya ukoo. Kwa hiyo giza lile, ambalo kwa mvamizi lilikuwa mkosi, kwa wenyeji lilikuwa mwanzo wa neema. Nao Wanyoro, katika mapokeo yao, humkumbuka Olimi kuwa aliondoka Nkore kwa sababu ya jua kupatwa. Mahasimu wawili wanapokubaliana juu ya jambo moja, hapana budi tuwasikilize.

Wanahistoria walisikiliza, kwa sababu maalumu. Jua kupatwa kabisa ni tukio adimu: mahali pamoja huliona, kwa wastani, mara moja katika miaka ipatayo 375. Aidha wanajimu waweza kupiga hesabu na kurudi nyuma hadi siku yenyewe. Hivyo masimulizi yasiyo na tarehe yaweza kupewa tarehe. Mwaka 1963, Sir John Gray aliandika katika jarida la Uganda Journal akipendekeza mwaka 1492. Wengine walichagua tarehe 17 Aprili 1520, na hiyo ndiyo ambayo leo hutajwa zaidi. Mwaka 1976, David Henige alitoa onyo: msimulizi aweza kuliambatisha giza mashuhuri na mfalme mashuhuri, na mtafiti naye aweza kuchagua tarehe inayolingana na hesabu yake ya vizazi. Onyo hilo ni la haki, na halifai kupuuzwa.

Lakini tazama lililotokea. Mjadala ukawa wa mwaka gani, na wazee wakageuzwa kuwa mashahidi wa saa tu. Mtu aliulizwa ni lini, hakuulizwa maana yake nini. Hata hivyo wenyeji hawakungoja kuandikiwa. Mwaka 1955, A. G. Katate na L. Kamugungunu walichapisha kitabu cha wafalme wa Ankole, Abagabe b'Ankole, kwa lugha ya Runyankore; na mwaka 1971 Samwiri Karugire, mwana wa nchi hiyo, alitoa historia ya Nkore hadi mwaka 1896. Kazi hizo ni nguzo. Pamoja na hayo, kitabu cha wafalme hutazama kutoka ikulu. Mkulima ambaye jeshi lilipita katika shamba lake la ulezi, na mwanamke aliyebaki na watoto wasio na maziwa baada ya ng'ombe kutekwa, hao hawakupata sura yao.

Kosa hilo la kale tunalirudia leo, tena karibu na pale pale. Kusini ya Mbarara, katika Wilaya ya Isingiro, kando ya ziwa, ipo makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950, ilipopokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya nchi yao, nayo huhesabiwa miongoni mwa makazi ya zamani kabisa ya wakimbizi katika Afrika. Baadaye walikuja Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Sokoni mwao Kiswahili ni daraja: Mrundi na Mkongo huafikiana bei kwa lugha yetu. Wenyeji waliokuwa wakichunga katika mbuga zile nao wana maneno yao juu ya ardhi iliyogawanywa, na si haki kuwanyamazisha.

Mwezi wa Oktoba 1982, watu walioitwa Wanyarwanda walifukuzwa majumbani mwao katika Ankole. Maelfu walisukumwa kwenye makazi ya wakimbizi, Nakivale ikiwa mojawapo, na maelfu wengine wakavuka mpaka kuingia Rwanda. Miongoni mwao walikuwamo watu waliozaliwa Uganda. Ng'ombe walitekwa tena, na safari hii jua halikupatwa. Je, ni wanafunzi wangapi wa Mbarara wawezao kulisimulia jambo hilo kama wanavyolisimulia la Biharwe?

Hapo ndipo penye hatari. Giza la Biharwe limeishi karne tano kwa sababu wengi walilisimulia kwa fahari. Jambo la aibu au la uchungu halina wasimulizi wengi. Hufa pamoja na mwenyewe. Aliyefika Nakivale akiwa kijana wa miaka 20 mwaka 1959 sasa amepita miaka 80. Tukichelewa, hakuna mnajimu atakayetupigia hesabu ya kilio cha mtu.

Walimu wenzangu, mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliazimia kifundishwe kwa lazima shuleni. Basi na kiwe na kazi ya kufanya. Mpe mwanafunzi daftari, amwendee mzee wa jirani, kwa adabu na kwa ridhaa yake. Ayaandike maneno kwanza kwa lugha ya msimulizi, kisha ayafasiri kwa Kiswahili. Aulize, "Nani alikuambia, naye aliambiwa na nani?" Na masimulizi mawili yakipingana, asifute hata moja, ayaweke yote mawili, kama tulivyo na la Nkore na la Bunyoro.

Wahenga walisema, kuishi kwingi ni kuona mengi. Walioona mengi wangali wameketi vibarazani, huko Biharwe na huko Nakivale. Wanangoja mtu wa kuwauliza.