Tambi, Kuku na Jiko la Halima

Kila lugha iliyokutana na unga uliokatwa nyuzinyuzi iliupa jina kwa kile kilichokuwa mbele ya macho ya wenyewe. Waajemi waliuita rishta, yaani uzi. Waarabu wakauita shaariya, wakifikiria unywele. Wataliani, wasioona haya, wakauita vermicelli, vinyungunyungu, na wakaendelea kula. Waswahili wakasema tambi. Wenye kamusi huenda wakalitenga neno hilo na utambi wa taa, lakini sikio la mshairi haliwezi kulitenga. Mpishi wa pwani aliyetazama ungo wake ukikauka juani aliona nyuzi zingojazo mafuta.

Chakula hiki kina umri mrefu na miguu mirefu. Sharif al-Idrisi, katika kitabu cha jiografia alichokikamilisha mwaka 1154 kwa ajili ya Mfalme Roger wa Sisilia, ameeleza habari za Trabia, karibu na Palermo, ambako itriya, tambi za kukaushwa, zilitengenezwa kwa wingi na kupakiwa merikebuni kwenda nchi za Waislamu na za Wakristo. Siri yote imo katika kule kukaushwa. Mkate huota ukungu njiani, lakini tambi kavu hungoja. Ndiyo maana ni chakula cha mabaharia na wafanyabiashara kabla ya kuwa chakula cha watoto wagonjwa. Unguja, Pemba na Lamu zilikipokea na kukitia utamu: tui la nazi, sukari, iliki na zabibu kavu, hasa usiku wa Ramadhani. Upande wa chumvi uliachiwa shurba, na humo ngano na nyama ndizo zilizotawala.

Lakini tambi zilizomo ndani ya supu ya kuku, zikapikwa si kisiwani bali katika milima ya Kalinzi juu ya Ziwa Tanganyika, hizo zina historia ya kutafutwa kwa namna nyingine. Njia yake ni ile ile ya misafara: Bagamoyo, Tabora, Ujiji. Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi Februari 1858 walikuta watu wa pwani wamewatangulia. Huko Tabora, Waarabu walikuwa wakilima ngano kandokando ya matembe yao, pamoja na vitunguu, mikomamanga na milimau. Tuseme kwa usahihi: walikuwa wakilimiwa. Majembe hayakuwa mikononi mwa wenye mashamba.

Ushahidi ulio bora kuhusu kuku wa Ujiji umetoka kwa mtu ambaye hakuja kwa ajili ya kuku. Henry Morton Stanley, katika kitabu cha safari alichokitoa 1872, ameandika kuwa siku alipomkuta Livingstone, ambayo kwa hesabu yake ilikuwa tarehe 10 Novemba 1871, sahani zilianza kumiminika kutoka nyumba za jirani. Said bin Majid alileta vitumbua vya nyama iliyokatwakatwa, vikiwa vya moto. Muhammad bin Salih alileta kuku wa mchuzi wa bizari. Mwinyi Kheri, mtu wa Mrima ambaye baadaye, mwaka 1881, aliwekwa na Sayyid Barghash kuwa liwali wa Ujiji, alileta mbuzi na wali. Kila sahani ilipowekwa mezani, wageni waliishambulia.

Huyo Muhammad bin Salih wa kuku naye anastahili neno. Alikuwa amezuiliwa miaka mingi kwa Kazembe, na alirudi Ujiji pamoja na Livingstone mwaka 1869. Sahani yake basi ilikuwa pia salamu kwa mwenzi wa njia, ingawa mapenzi kati ya wawili hao hayakudumu.

Msomaji aitazame tena orodha hiyo. Watuma sahani watatu wametajwa kwa majina na majina ya baba zao au kwa heshima ya Mwinyi. Aliyemchinja kuku yule, akamnyonyoa, akasaga bizari na kukaa mbele ya moshi, hakutajwa. Said alileta, Muhammad alileta, lakini Said na Muhammad hawakupika. Katika mji uliokuwa soko la watumwa, kitenzi “kuleta” kilificha mikono mingi. Wanahistoria wengi wamelirithi kosa hilo bila kulistukia, na huzungumza juu ya “ukarimu wa Waarabu wa Ujiji” kana kwamba vyungu vilijipika vyenyewe.

Ni mpishi mmoja tu aliyeponyoka katika usahaulifu huo: Halima, aliyempikia Livingstone. Stanley anamchora akitoa kichwa nje ya jiko kuhakikisha kwamba kweli barazani wamekaa Wazungu wawili. Kwa muda mrefu bwana wake alikuwa hali chakula, naye Halima akiona juhudi zake hazina mthamini. Siku hiyo vyombo vikarudi vitupu, na ulimi wake ukawahadithia hayo majirani waliokusanyika jikoni. Mwaka 1872, Unyanyembe, Halima aligombana na mwenzake akaondoka, kisha akarudi, akangoja nje aambiwe aingie. Livingstone aliandika katika shajara yake kwamba mwanamke huyo ni hodari na mwaminifu, na kwamba atamwachia huru na kumnunulia nyumba na shamba Unguja. Hakuwahi. Alifariki mwaka 1873 kwa Chitambo, na Halima alikuwa miongoni mwa waliofuatana na maiti yake hadi pwani, wakafika Bagamoyo mwezi Februari 1874. Miaka 145 baadaye, mwandishi wa Zimbabwe Petina Gappah alimpa sauti katika riwaya ya mwaka 2019, Out of Darkness, Shining Light. Mpishi akawa msimulizi, jambo ambalo wasomaji wa kitabu cha Stanley walipaswa kulitarajia tangu mwanzo, kwani simulizi jikoni alikuwa nazo.

Ngano ya misafara ilikuwa haba na ya wenye nguvu. Kilichoibadili hali hiyo ni chuma. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Tangu hapo gunia la unga liliweza kushushwa karibu na ziwa bila kupita begani mwa mtu kwa miezi mitatu. Kalinzi, iliyo katika milima ya njia ya Manyovu, ni nchi ya kahawa, migomba, maharage na muhogo, na unga wa ngano hupanda kilima kutoka dukani. Kuku hana haja ya kupanda. Yupo uani.

Kinachounganisha nyumba hizo na elimu ya tambi ni chapati. Ajuaye chapati ameshajua robo tatu ya kazi, maana tambi za nyumbani ni chapati iliyokatwa kabla ya kuonja moto. Unga vikombe viwili, mayai mawili, chumvi kidogo, na maji ya kuchungulia tu. Donge likandwe mpaka likaze kuliko la chapati, lifunikwe nusu saa, lisukumwe mpaka kivuli cha mkono kionekane upande wa pili. Kisha linyunyizwe unga, likunjwe, likatwe jembamba kwa kisu kikali, na nyuzi zitawanywe juu ya ungo.

Kuku wa kienyeji hataki haraka. Kama ni tetea aliyekwisha kutaga miaka, achemshwe polepole kwa saa mbili au tatu, povu likiondolewa, pamoja na kitunguu, tangawizi na pilipili manga. Nyama ikishalegea na supu ikishachujwa, ndipo tambi zitumbukizwe, dakika tatu au nne, bila kifuniko. Zikitiwa mapema hunywa supu yote, na mpishi hubaki na uji.

Mpwani atauliza tui li wapi. Minazi haikupanda kilima hiki. Kinachopatikana ni mawese, mafuta mekundu ya michikichi ya Kigoma, na kijiko kimoja chake juu ya bakuli huipa supu rangi ya machweo na harufu ambayo Unguja haiijui. Wapo watakaosema kuwa huko ni kuharibu tambi. Lakini tambi hazikuwahi kuwa na nchi. Ndimu ikamuliwe mwisho, sufuria likiwa limeshatolewa jikoni, vinginevyo supu huwa chungu.