Karne ya bia ya Ruaraka na kumbukumbu ya mitaa ya Eastlands

MNAMO Desemba 1922, kreti kumi za bia zilitoka katika kiwanda kidogo cha Ruaraka na kufikishwa katika Hoteli ya Stanley, jijini Nairobi. Hiyo ndiyo iliyokuwa shehena ya kwanza ya Kenya Breweries. Miaka 100 baadaye, mwaka 2022, kampuni iliyochipuka kutokana na kiwanda hicho, East African Breweries, iliadhimisha karne yake.

Kisa kinachosimuliwa kila maadhimisho ya kampuni hiyo yanapowadia wengi wanakijua. Ndugu wawili walowezi, George na Charles Hurst, walianzisha kiwanda kwa mitambo iliyoagizwa kutoka Uingereza. Mwaka 1923 George aliuawa na ndovu akiwa mawindoni, na bia ya Tusker ikapewa jina la kumkumbuka, ndovu mwenyewe akichorwa kwenye lebo. Ni heshima ya ajabu kwa mnyama aliyemwua mwenye kiwanda, lakini imedumu.

Kisa hicho hakigusi mitaa ya Eastlands, ingawa iko karibu na Ruaraka na ndiko walikoishi wafanyakazi wengi wa jiji. Wakati walowezi wakiandaliwa chupa hizo mezani pale Stanley, sheria ya kikoloni ilimkataza Mwafrika kunywa bia ya Kizungu. Marufuku hayo yaliondolewa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, miaka ya 1940 ikielekea ukingoni. Pombe kali zilisubiri hadi katikati ya miaka ya 1950. Kwa hiyo, robo nzima ya karne iliyosherehekewa ilipita kabla mkazi wa Pumwani kuruhusiwa kuionja bia iliyotengenezwa jirani yake.

Mkazi huyo alikuwa na pombe nyingine. Pumwani ilipoanzishwa kuwa makao rasmi ya Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1920, Manispaa ya Nairobi ilijitwalia haki ya pekee ya kutengeneza na kuuza pombe ya kienyeji. Utaratibu huo uliigwa kutoka Durban, Afrika Kusini. Faida ya kilabu cha pombe iliingia katika mfuko maalum wa kugharamia huduma za Waafrika wenyewe. Kwa maneno mengine, mlevi alijilipia maendeleo ya mtaa wake, na walipa kodi wa Kizungu wakapumua.

Waliopata hasara zaidi ni wanawake. Wengi wao walijipatia riziki, na baadhi hata kujenga nyumba Pumwani, kwa fedha za pombe na za kodi ya vyumba. Baada ya Manispaa kujitwalia biashara hiyo, mwanamke aliyepika pombe nyumbani alihesabiwa kuwa mhalifu. Polisi walivamia, wakamwaga mitungi, wakatoza faini. Jioni moto uliwashwa tena.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, kizuizi cha rangi kilikuwa kimekwisha kuondoka, ila kizuizi cha bei kikabaki. Bia ya chupa ilikuwa ya siku ya mshahara. Siku nyingine wengi walikunywa busaa, inayotokana na unga uliochachushwa na kukaangwa kisha kutiwa kimea, au chang'aa, ambayo ilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1980. Marufuku hayo hayakuimaliza chang'aa. Yaliipeleka gizani, ambako hakuna aliyejua kilichochanganywa ndani yake.

Novemba 2000, gharama ya giza hilo ilionekana Mukuru kwa Njenga na mitaa iliyo karibu. Pombe iliyoitwa kumi kumi, kwa kuwa glasi moja iliuzwa shilingi kumi, ilikuwa imetiwa methanoli. Mwilini methanoli hugeuka asidi inayoharibu mshipa wa macho. Watu zaidi ya 120 walifariki, mamia wakalazwa hospitalini, na baadhi ya walionusurika wakapofuka.

Miaka minne baadaye serikali iliiondolea ushuru bia ya pipa, na mwaka huo wa 2004 kiwanda cha Ruaraka kikaingiza sokoni Senator. Lengo lilikuwa kumpa mnywaji maskini kinywaji salama kwa bei iliyokaribia ile ya chang'aa. Wateja waliipa jina la Obama, ambaye wakati huo alikuwa seneta Marekani, na walevi hawakuhitaji kueleza utani huo. Baadaye bia hiyo ilitengenezwa kwa mtama, na wakulima wakapata soko.

Mwaka 2010 sheria mpya iliihalalisha chang'aa kwa masharti ya leseni na chupa za glasi, masharti ambayo mpishi wa kando ya mto Mathare hakuwa na uwezo wa kuyatimiza. Kisha, mwaka 2013, serikali ilirudisha nusu ya ushuru kwenye bia ya pipa. Bei ilipanda, mauzo ya Senator yakaporomoka, na baa nyingi za vitongojini zikafungwa. Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu na Kiambu. Mwaka 2015 ushuru huo ulipunguzwa tena kwa kiasi kikubwa, na mapipa yakarejea katika baa za Eastlands.