Elementi ya 118: Jina Lililosubiri Ushahidi

Sisi tunaofundisha istilahi tumezoea kusema kwamba kitu hutangulia, jina likafuata. Historia ya elementi ya 118 yatukumbusha kuwa kati ya kitu na jina pana uthibitisho.

Elementi nzito za aina hii hazichimbwi ardhini; huundwa maabarani kwa kugonganisha viini vya atomi. Mwaka 1999 maabara ya Berkeley, Marekani, ilitangaza kuipata elementi hiyo kwa kurusha viini vya kriptoni kwenye risasi. Watafiti wengine walirudia jaribio hilo wasiambulie kitu. Mwaka 2002 tangazo lilifutwa, uchunguzi ukiwa umebaini kwamba data zilibuniwa.

Huko Dubna, Urusi, watafiti wakishirikiana na wenzao wa Livermore, Marekani, walitumia kalsiamu yenye protoni 20 na kalifoniamu yenye protoni 98. Atomi iliyopatikana ilivunjika kufumba na kufumbua. Hata hivyo, kuvunjika huko ndiko kulikuwa ushahidi: ilitoa chembe ya alfa ikawa elementi ya 116, ikatoa nyingine ikawa ya 114. Walitangaza matokeo yao mwaka 2006. Jina rasmi, oganesoni, lilipatikana mwaka 2016, kwa heshima ya Yuri Oganessian wa Dubna.

Miaka 10 kulingoja jina! Nasi tunaposimamia tasnifu zenye data za uwandani, tuwaulize wanafunzi wetu: mwingine akipita njia hiyohiyo, atafika mlikofika?