Mimea ya nyanda za mafuriko za Turkwel na Tarach

Mimea ya nyanda za mafuriko za Turkwel na Tarach ni jamii ya miti, vichaka na maua ya msimu inayoota kando ya mito miwili ya Kaunti ya Turkana, Kenya. Turkwel hupita Lodwar. Tarach, mto wa msimu, hupita Kakuma. Lodwar hupata takriban milimita 200 tu za mvua kwa mwaka, kiasi kisichotosha kuotesha msitu. Msitu uliopo huishi kwa maji yanayotoka mbali: Turkwel huanzia Mlima Elgon, ambako huitwa Suam.

Mti mkuu ni mgunga (Vachellia tortilis), ambao Waturkana huuita ewoi. Maua yake meupe yenye harufu nzuri huvutia nyuki, na maganda yake hulisha mbuzi wakati nyasi zimekwisha. Pamoja nao huota mkoma, ambao majani yake husukwa vikapu, mswaki (esekon), na edome (Cordia sinensis), ambao matunda yake huliwa.

Miti mikubwa pekee haionyeshi afya ya msitu. Cha kutazamwa ni miche. Mbegu ya mgunga ikichipua baada ya mafuriko, mzizi wake hauna budi kushuka upesi ukiyafuata maji ya ardhini yanapozama. Ukichelewa, mche hukauka. Mwaka 2005 Jacob Stave, Gufu Oba na wenzao walichapisha jaribio lililopima jinsi miche ya mgunga inavyokua katika viwango mbalimbali vya maji hayo. Mifugo nayo si adui tu: utafiti wa Robin Reid na James Ellis, uliochapishwa 1995, ulionyesha kuwa miche huota kwa wingi katika maboma yaliyohamwa, kwa kuwa mbuzi hula maganda na kuacha mbegu kwenye samadi.

Bwawa la Turkwel, lililokamilika 1991 na lenye uwezo wa kuzalisha megawati 106 za umeme, lilibadili mwenendo wa mto. Maji yaliyokuwa yakifurika kwa msimu huzuiliwa na kutolewa kwa kiasi cha kuendesha mitambo. Miti mizee yenye mizizi mirefu hustahimili hali hiyo. Wanaoumia ni watoto wake.

Kakuma tatizo ni kuni. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa 1992, na tangu hapo maelfu ya familia, wageni na wenyeji, hupikia kuni na makaa. Humohumo umeenea mathenge (Prosopis juliflora), mti wa Amerika uliopandwa Turkana miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa. Umefunika kingo na kuisonga miche ya asili, na mwaka 2008 serikali iliutangaza kuwa magugu hatari.

Waturkana wana kinga yao ya kale, ekwar: haki ya familia juu ya miti ya sehemu fulani ya ukingo wa mto. Mgeni haangushi maganda wala kukata mti bila ruhusa ya mwenyewe. Hakuna sheria ya msitu iliyoandikwa Nairobi inayoujua ukingo huo vizuri kuliko wenye ekwar, na mpango wowote wa hifadhi unapaswa kuanza kwao. Wasimamizi wa bwawa nao waachilie maji ya kutosha msimu wa mafuriko, na kuni za Kakuma zikatwe kwenye mathenge, si kwenye ewoi.