Kamba za lastiki, raba mtoni na baba mdogo

Mwezi uliopita niliingia Kariakoo kutafuta kitu ambacho kila muuzaji alinifanya nikitaje mara mbili: kamba za viatu za lastiki. "Za mpira kabisa?" Kabisa. Mmoja alinipa kamba za kawaida za rangi ya chungwa akidhani nimekosea kutaja. Mwingine akanielekeza kwa wauza vifaa vya cherehani.

Mhitaji si mimi, ni baba mdogo. Tangu apate kiharusi mkono wa kulia haukamati vizuri, na daktari anataka atembee kila asubuhi. Kutembea anaweza. Kazi ni kufunga kamba, na kumsubiri mtoto amfunge viatu kunamuudhi kuliko ugonjwa wenyewe. Nikakumbuka nimewahi kuziona kamba za lastiki kwenye viatu vya wachezaji wa triathlon.

Kwa wadau wasioujua mchezo huo: unaogelea, unaendesha baiskeli, unakimbia, mfululizo. Mchezo wa kisasa huhesabiwa kuanzia San Diego, Marekani, Septemba 1974, na uliingia Olimpiki ya Sydney mwaka 2000: mita 1,500 majini, kilomita 40 za baiskeli, kilomita 10 za mbio. Saa haisimami unapobadili viatu. Vidole vimelowa, moyo unakwenda mbio, nani atainama kufunga fundo? Ukiwa na lastiki unachomeka mguu, unaondoka.

Usiseme sekunde mbili tatu ni utani. Septemba 2025 huko Tokyo, Alphonce Simbu wetu alichukua ubingwa wa dunia wa marathoni kwa saa 2:09:48. Mjerumani Amanal Petros akapewa muda huo huo. Tofauti yao ilikuwa sekunde 0.03, baada ya kilomita 42! Ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo.

Baba mdogo alikimbia shuleni miaka ya 70, peku. Anasema kiatu kilikuwa cha kuendea kanisani. Huo ndio wakati John Stephen Akhwari alikuwa tayari jina la kila nyumba kwa kumaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 akichechemea na goti lililofungwa bandeji, na Filbert Bayi akavunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch, Februari 1974, kwa dakika 3:32.2. Nchi ilikuwa na miguu. Viatu ndivyo vilivyosumbua.

Na si kwamba hatukujaribu. Kiwanda cha Viatu Morogoro kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikapangiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikauzwe Ulaya. Kuta za alumini, hewa haipiti, na joto la Morogoro mnalijua. Mashine zikaharibika, vipuri hakuna, fedha za kigeni hakuna. Hakikufika hata asilimia 5 ya uwezo wake na mwaka 1990 kikafungwa. Mimi nikipita Morogoro na basi bado hukifikiria. Jozi milioni 4! Tungevaa wote.

Baba mdogo anaikumbuka zaidi miaka ya mwanzo ya 80, ya foleni na maduka matupu. Mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi, mpaka mtu akaogopa kuonekana na kitu kipya. Mlango ulianza kufunguka na bajeti ya 1984 iliyowaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, kisha Novemba 1985 akaingia Mzee Ruksa. Mitumba ikamwagika. Ndipo tulipopata raba mtoni, yaani raba iliyokwisha kuvaliwa na mtu wa majuu, ikafuliwa, ikapigwa brashi na kuning'inizwa kwa kamba zake zenyewe. Ya kwanza ya baba mdogo aliinunua Kariakoo mwaka 1988, namba moja zaidi ya mguu wake. Alikaza kamba kwa nguvu zote isivuke. Wakati huo mikono yake yote miwili ilikuwa mizima.

Mahali penyewe pamepewa jina na watu wa miguu. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, waliwekwa hapo. Midomo yetu ikageuza, ikawa Kariakoo.

Turudi kwenye kamba. Kwanza nilinunua lastiki ya cherehani kwa buku. Siku ya nne ilikuwa imelegea kabisa, kisigino kinapanda na kushuka. Baadaye duka moja la vifaa vya michezo likanionyesha aina mbili: ya laini yenye kibano cha plastiki cha kubonyeza, na yenye vinundu ambavyo hujifunga vyenyewe kwenye kila tundu. Kibano ni rahisi kurekebisha, lakini kinataka vidole viwili vyenye nguvu. Nikachukua ya vinundu. Uzuri wake mwingine ni kwamba unaweza kulegeza juu ya mguu na kukaza karibu na kifundo, kila tundu na kipimo chake. Nilimvalisha jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kwa joto la mchana, kwa sababu ukipima asubuhi itabana baadaye na vidole vitakufa ganzi.

Kesho yake alivaa mwenyewe, akiwa amekaa kitandani, mkono wa kushoto ukivuta ulimi wa kiatu. Akaenda mpaka kona ya msikiti, akarudi, akaniuliza bei. Nilipomtajia akasema nimepigwa.